Chuo au masala? Namna ya kuitumia maktaba ya chuo cha dini, Lamu

Siku ya kwanza nilipoingia katika maktaba ya chuo kimoja cha dini hapa Amu, yaani Lamu, nilikuwa na karatasi yenye majina ya vitabu kumi na vinne niliyoyanakili kutoka mwisho wa tasnifu ya mtu. Mkutubi, sharifu mzee aliyeketi juu ya busati akijipepea kwa kipepeo cha ukindu, aliipokea, akaitazama juu juu, akanirudishia.

"Watakani, mwanangu? Chuo au masala?"

Nikamwambia chuo. Akacheka. "Vyuo vimejaa ukutani. Ukipata masala, rudi."

Kwa asiye wa pwani: wazee wetu huita kitabu "chuo", na mahali pa kusomea pia ni chuo. Masala ni swali linalotaka jibu la kielimu. Nilitoka pale nimenuna, na ilinichukua muda kuelewa kwamba maktaba ile imepangwa kwa ajili ya mtu mwenye swali. Mwenye orodha hupotea. Nimeandika mwongozo huu kwa anayekwenda mara ya kwanza, awe mwanafunzi wa chuo kikuu, mwalimu wa madrasa, au mtu tu aliyesikia kuwa kitabu cha babu yake kimo humo.

Kabla hujatoka nyumbani

Andika masala yako kwa sentensi moja. "Ndoa katika Uislamu" si masala, ni bahari. "Walii wa karibu akiwa safarini, ni nani humwozesha binti kwa madhehebu ya Shafii?" ndiyo masala. Sentensi hiyo imeshakufanyia nusu ya kazi. Inakwambia fani ni fiqhi, madhehebu ni ya Shafii, na mlango ni wa nikahi. Vitabu vikubwa vya fiqhi vya Kishafii vimezoea kugawika robo nne: ibada kwanza, kisha biashara na mali, kisha ndoa na talaka, mwisho jinai na hukumu. Basi mbele yako kukiwa na kitabu cha juzuu nane, usianze kufunua juzuu ya kwanza yenye milango ya maji na udhu. Nenda ya tano au ya sita. Nimeona watu wazima wakipoteza asubuhi nzima kwa kutojua hili.

Siku nazo zina mambo yake. Vyuo vya dini hupumzika Ijumaa, na vingine huanza mapumziko tangu Alhamisi alasiri. Ramadhani ratiba yote hugeuka. Mfungo sita, mwezi wa Rabiul-Awwal, mji hujaa wageni wa Maulidi, na msikiti wa Riyadha ndio kitovu chake. Ni wakati mzuri wa kuja Amu na wakati mbaya kabisa wa kutaka mkutubi akutolee vitabu. Siku ya kawaida, asubuhi ndiyo bora. Baina ya alasiri na maghrib mwanga wa dirishani huanza kuchoka, na nyumba zetu za mawe zenye kuta nene hazina madirisha mengi.

Beba barua ya utambulisho kutoka kwa chuo chako au kwa mtu anayejulikana pale. Ikiwa unafanya utafiti rasmi, uwe Mkenya au mgeni, utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na ni afadhali uwe nayo mkononi kabla ya kupanda boti Mokowe, kwa sababu kuisubiri ukiwa tayari uko Amu ni kulipa nyumba ya wageni bure. Lakini nikwambie ukweli: barua hufungua mlango wa ofisi, na mtu hufungua kabati. Mpigie simu mwalimu unayemjua, yeye ampigie mwingine, ukifika uambiwe "wewe ndiwe mgeni wa fulani". Huo ndio utambulisho wenyewe.

Mkobani weka penseli mbili na kichongeo, daftari, kitambaa safi cha pamba, kurunzi ndogo, na simu yenye chaji. Kalamu ya wino iache nyumbani. Tone moja halifutiki, na mkutubi akiiona mkononi mwako hatakuondokea siku nzima.

Mlangoni

Toa salamu, vua viatu, keti unapoonyeshwa. Mkubwa umbusu mkono ikiwa ndiyo desturi ya hapo, nawe utaijua kwa kuwatazama walioingia kabla yako. Usianze na haja yako. Ulizwa hali, uliza hali, kahawa ikija inywe, na uinywe mbali na vitabu. Kuwa na udhu ni jambo jema kwa yeyote, na ukitaka kushika msahafu ni lazima. Kina mama waulize mapema ni saa gani na chumba kipi. Baadhi ya maktaba zimo ndani ya msikiti na zina utaratibu wake, na swali la simu huokoa safari.

Rafu zinavyosema

Ukishazoea maktaba za chuo kikuu utatafuta namba kwenye uti wa kitabu. Katika mfumo wa Dewey dini zote zimo kwenye 200, na sehemu kubwa ya mia hiyo, kuanzia Biblia kwenye 220, imekaliwa na Ukristo, ilhali Uislamu wote, Kurani, hadithi, sheria na tasawufi, umebanwa ndani ya 297 na nukta zake. Ndiyo maana vyuo vingi vya kwetu havikujishughulisha na namba hizo. Rafu nzima ya fiqhi ingekuwa na namba ndefu kama ya simu.

Hapa rafu hupangwa kwa fani. Juu kabisa ni misahafu. Chini yake tafsiri, kisha hadithi, fiqhi, tauhidi, tasawufi, sira na tarehe (yaani historia), na lugha: nahau, sarufi, balagha. Mpangilio huu ni wa heshima kabla ya kuwa wa urahisi, na una sheria yake ndogo unayopaswa kuishika mezani pia. Vitabu vikilazwa kimoja juu ya kingine, msahafu hauwekewi kitu juu. Kitabu cha nahau hakikai juu ya hadithi. Usiweke miwani, simu wala daftari lako juu ya kitabu chochote. Hakuna atakayekugombeza, ila utamwona mkutubi ameinuka polepole, ameiondoa simu yako, na kuiweka kando bila kusema neno. Hilo linauma kuliko kugombezwa.

Katalogi, mara nyingi, ni daftari la mistari lenye jalada gumu. Limeandikwa kwa Kiarabu, kwa mikono ya watu watatu au wanne waliopokezana. Wengine wana jedwali la kompyuta pia. Kwa lolote utakalopewa, tambua kwamba daftari hufuata jina la kitabu, na jina la kitabu ni mtego.

Majina ya vitabu na majina ya watu

Vitabu vya zamani vina majina marefu yenye vina ambayo hakuna anayeyatamka. Watu husema "Minhaji", "Tuhfa", "Nihaya", "Safina", "Jalaleni". Ukiuliza kwa jina kamili la kwenye jalada, hasa kwa lafudhi ya darasani, mkutubi atakutazama kwanza, kisha atasema, "Aa, wataka Tuhfa." Jifunze jina la mtaani.

Ukitafuta daftarini, puuza "al-" ya mwanzo, au jaribu njia zote mbili, kwani aliyeandika daftari mwaka huu hakukubaliana na aliyeandika miaka thelathini iliyopita.

Waandishi ndio kazi zaidi. Mtu mmoja ana jina lake, la baba, kuniya ya Abu fulani, lakabu ya heshima, na nisba ya mji au ukoo. Imamu Nawawi, aliyefariki 676 Hijria, yaani 1277, utamkuta chini ya Nawawi, au Yahya bin Sharaf, au Muhyiddin. Ni mtu mmoja.

Na kinyume chake ni kibaya zaidi: jina moja, watu wawili. Mimi niliwahi kuandika kurasa mbili nzima za insha nikimsifu Ibn Hajar kwa hadithi zake na fatwa zake, mpaka mwalimu akanirudishia akiwa ameandika pembeni kwa penseli: "Yupi?" Ibn Hajar al-Asqalani, bingwa wa hadithi, alifariki 852 Hijria, 1449. Ibn Hajar al-Haytami, mwenye Tuhfa, faqihi, alifariki 974 Hijria, karne moja na zaidi baadaye. Nilikuwa nimewaunganisha wakawa mzee mmoja aliyeishi zaidi ya miaka mia mbili. Kanuni rahisi: ukisikia "Ibn Hajar" kwenye rafu ya hadithi, mara nyingi ni wa kwanza. Kwenye rafu ya fiqhi ya Shafii, mara nyingi ni wa pili. Ukiandika, taja nisba kila mara.

Ukurasa wenye ghorofa

Sasa umeletewa kitabu. Uti uko kulia, unafunua kutoka kushoto kwenda kulia, hilo unalijua. Lakini vitabu vya chapa ya zamani, vile vya Misri vyenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai, ukurasa wake mmoja unaweza kubeba vitabu vitatu kwa wakati mmoja, na anayesoma bila kujua hili huchanganya maneno ya watu waliopishana kwa mamia ya miaka.

Tazama ukurasa kama nyumba. Kiini ni matini, maneno machache ya mwandishi wa asili, na mara nyingi yamewekwa ndani ya mabano. Yanayoyazunguka ni sharhe, maelezo ya mwandishi wa pili, aliyeyafuma maneno yake na ya wa kwanza hata sentensi ikawa moja. Ukiyaondoa mabano huoni mshono. Kisha chini ya mstari, au pambizoni ukingo mzima wa ukurasa, kuna hashiya, maelezo ya mtu wa tatu juu ya maelezo ya wa pili. Na usishangae ukikuta kilichochapwa pambizoni hakihusiani na cha katikati. Wachapishaji walikuwa wakiokoa karatasi kwa kuweka kitabu kingine kizima pembeni. Ukurasa wa kwanza huwa umeeleza: "na pambizoni mwake ni kitabu fulani". Usome ukurasa huo kabla ya kitu kingine chochote.

Mfano wa karibu. Chukua Nihaya ya Ramli, sharhe ya Minhaji ya Nawawi. Ndani ya mabano unasoma maneno ya Nawawi wa karne ya 13. Nje ya mabano anasema Ramli, aliyefariki 1004 Hijria, 1596. Chini ya mstari anasema Shabramallisi, aliyefariki 1087 Hijria, 1676, na mara nyingine anampinga Ramli waziwazi. Ukinukuu ukurasa huo ukasema "Nawawi amesema", huku umechukua sentensi ya ghorofa ya tatu, umemsingizia maiti.

Halafu kuna rumuzi. Wenye hashiya hawakuwa na subira ya kuandika majina marefu, wakafupisha kwa herufi mbili. Hakuna orodha inayobandikwa ukutani. Kila mtu alifundishwa na mwalimu wake. Nakupa nne utakazozikuta kila ukurasa kwenye fiqhi ya Shafii: mim na ra ni Muhammad ar-Ramli; ha na jim ni Ibn Hajar, wa Tuhfa; ain na shin ni Ali Shabramallisi; sin na mim ni Ibn Qasim al-Abbadi. Ukiona alif na ha yenye mkia, ni "intaha", nukuu imekwisha, na sasa anarudi kusema mwenye kitabu. Mimi alama hiyo nimeitafuta kuliko nyingine zote, kwani bila ya kuiona hujui nani anasema.

Na moja ya bure kuhusu Jalaleni, ile tafsiri ya Kurani. Jalaluddin al-Mahalli alianza na Suratul Kahf kwenda mwisho, akafasiri na Fatiha, kisha akafariki 864 Hijria. As-Suyuti ndiye aliyekamilisha kuanzia Baqara hadi Israa. Kwa hivyo katika chapa nyingi za zamani tafsiri ya Fatiha haiko mwanzo. Imewekwa nyuma, pamoja na kazi ya mwenyewe Mahalli, baada ya Suratun Nas. Kijana mmoja aliwahi kumlalamikia mkutubi mbele yangu kuwa nakala ina upungufu, kurasa zimechanwa. Mzee alikigeuza kitabu nyuma, akaweka kidole, akaendelea kujipepea.

Miswada

Hapa twende taratibu.

Kila chuo kikongwe cha Amu kina kabati ambalo halifunguliwi kwa kila mtu. Ndani mna maandishi ya mkono: nakala za vitabu vya fiqhi na nahau, maulidi, kasida, tenzi, hati za mali, barua. Utakapoonyeshwa, kaa chini kwanza. Mswada huletwa kwako, hupelekwi wewe kwenye mswada. Uweke juu ya rehali, au juu ya mto mdogo, usiulazimishe ufunguke gorofa. Mikono iwe imeoshwa na kukaushwa vizuri, bila mafuta wala udi wa kupaka. Glavu usijisumbue, kwani zinakuondolea hisia za vidole ukachana karatasi. Wino mwingi wa zamani ni masizi na gundi ya mti, hukaa karne kwa karne mahali pakavu, na huondoka kwa kidole kimoja chenye jasho. Usilambe kidole kufunua ukurasa. Najua unafanya. Wote tunafanya.

Anza na karatasi ya kwanza kabla ya maandishi. Hapo huandikwa wakfu: kitabu hiki kimewekwa wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na fulani, kwa wanafunzi wa mahali fulani, hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi. Hapo huandikwa pia majina ya waliokimiliki, wakati mwingine tarehe ya mtoto kuzaliwa, deni, au bei ya kitu. Katika miswada ya Kiarabu huenda ukakuta pia neno "ya Kabikaj", waliloliandika wanakili wakiamini ni kinga ya wadudu. Nimeliona kwenye karatasi yenye matundu kama chujio. Mdudu hajui kusoma.

Kisha ruka hadi mwisho. Maandishi yakikaribia kwisha utaona mistari inapungua upana hata ikawa pembetatu inayoelekeza chini. Hapo mnakili anajitaja, anaomba dua, anaandika siku na mwaka. Kugeuza mwaka wa Hijria kwa haraka: gawanya kwa 33, toa jibu hilo kwenye mwaka wenyewe, ongeza 622. Chukua 1310. Ukigawa kwa 33 unapata karibu 40. 1310 ukitoa 40 ni 1270. Ongeza 622, unapata 1892. Na kweli mwaka 1310 ulianza Julai 1892 ukaishia katikati ya 1893, kwa hivyo andika 1892/1893 mpaka uujue mwezi. Ukikuta "leilatul jumua", huo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, yaani kwa kalenda ya ukutani ni Alhamisi. Na tahadhari: mwaka ulioandikwa pale ni wa kunakili. Kitabu chenyewe kinaweza kuwa kilitungwa miaka mia sita kabla.

Karatasi nayo husema. Inyanyue kidogo upande wa dirisha, bila kuipinda, uone alama ya maji. Miezi mikonde mitatu iliyopangwa mstari ni alama ya karatasi za Italia zilizouzwa sana katika nchi za Mashariki na kuvuka hadi mwambao wetu katika karne ya 18 na 19. Haikupi mwaka kamili, ila inakuzuia kusema upuuzi.

Namba za ukurasa usizitafute. Badala yake, chini ya ukurasa wa kulia, pembeni kushoto, utaona neno moja limekaa peke yake kwa mshazari. Hilo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Lina jina lake, taakiba. Nililipuuza kama pambo mpaka siku niliyokuwa na mswada usio jalada, karatasi kama arobaini zimelegea, mezani, umeme ukarudi ghafla na feni ya darini ikaanza kuzunguka. Karatasi zilienea chumba kizima. Nilibaki nimesimama, mikono kichwani. Mkutubi alizima feni, akafunga dirisha, akaketi sakafuni, na tukaanza: yeye anasoma neno la chini, mimi natafuta lililo juu. "Wa-amma." Naam, hii hapa. "Faslun." Hii. Kufikia adhuhuri zilikuwa zimerudi zote isipokuwa mbili, na hizo mbili, kwa mujibu wa taakiba, zilikuwa hazimo tangu kabla hatujazaliwa. Tokea siku hiyo, kitu cha kwanza nikiingia chumba chochote chenye karatasi huangalia swichi ya feni iko wapi.

Ikiwa mswada ni wa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, jiandae kusoma kwa masikio. Herufi zilizoazimwa hazitoshi. B inasimama kwa b, na pia kwa p, na mara nyingi mb na mp, kwani n na m za kuunga huachwa. F ni f na v. Katika alama za irabu, kasra ni i na e, dhamma ni u na o, fataha ni a. Neno lenye ba mbili na fataha mbili laweza kuwa baba, papa, bamba au pamba. Usome mstari mzima kwa sauti, hata mara tatu, kina na mizani vikuchagulie. Ukishindwa, msomee mtu mzima wa Amu anayesikia Kiamu chake. Mimi nilikwama na neno nililolisoma "nti" nikidhani ni kosa la mnakili. Bibi mmoja jirani, hajui kusoma herufi hata moja, alisema kutoka jikoni, "Nti, mwanangu. Nti hii tunayoikanyaga." Ni nchi. Ndia ni njia, muyi ni mji, yeo ni leo. Hakuna kosa, ila mimi.

Picha

Uliza kabla ya kupiga, na uulize tena kabla ya kusambaza. Ni ruhusa mbili. Zima mwako wa simu, sogeza meza karibu na dirisha. Mfuatano ni huu: jalada, karatasi ya wakfu, kisha kurasa zote kwa mpangilio hata zilizo tupu, kisha ukurasa wa mnakili. Kabla ya kila kitabu piga picha ya kipande cha karatasi ulichoandika jina la kitabu, namba yake daftarini, na tarehe ya leo. Usipofanya hivyo, mwezi ujao utakuwa na picha mia mbili za mistari mizuri isiyo na mwenyewe.

Huenda pia usihitaji kupiga. Miswada ya Riyadha, msikiti na chuo kilichoasisiwa na Habib Swaleh, ilipigwa picha katika mradi namba EAP466 wa Endangered Archives Programme, ulio chini ya Maktaba ya Uingereza, na picha zake zimewekwa mtandaoni bila malipo. Chuo kikuu cha SOAS, London, nacho kina mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili. Anza huko, ujue unachotaka kukiona kwa macho, ndipo uje. Ila usitegemee mtandao peke yake. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Walioamini kwamba picha zipo tu siku zote walikaa bila kazi. Kila unachokihitaji kipakue, kihifadhi mahali pawili.

Kuazima, na kuondoka

Chapa za kawaida huenda ukaruhusiwa kutoka nazo kwa siku chache, kwa kuandikwa daftarini na kwa kudhaminiwa na mtu. Chenye muhuri wa wakfu usikiombe. Sharti la aliyekitoa hufungamana na kitabu hata kama mwenyewe amezikwa zamani, na mkutubi hana mamlaka ya kulivunja kwa sababu wewe una tikiti ya basi ya asubuhi. Mimi niliomba mara moja. "Chuo hichi ni wakfu," sharifu alisema, "hakitoki. Wewe ndiwe utakaorudi." Nilirudi mara nne kwa kitabu kimoja, na kila mara nilinakili kwa penseli zaidi kuliko ambavyo ningesoma nikiwa nacho nyumbani.

Usirudishe kitabu rafuni mwenyewe. Kiache mezani. Kikiwekwa fani isiyo yake, kwa maktaba isiyo na namba, kimepotea kama kilichoibwa.

Ukinukuu baadaye, taja jina la maktaba, namba ya daftari, jina la mnakili na mwaka wake, na upeleke nakala ya ulichoandika. Hata kurasa tatu. Zitatiwa kwenye faili, na mgeni ajaye ataonyeshwa.

Na kabla hujavaa viatu, ikiwa umeona unga mwembamba wa rangi ya kahawia umemwagika kwenye mkunjo wa kitabu, au njia ya udongo imepanda kwenye ukuta nyuma ya rafu, mwite mkutubi umwonyeshe pale pale kwa kidole. Usiseme utamwambia kesho. Unga huo ni wa wadudu walao vitabu, na njia ya udongo ni ya mchwa, ambao msimu wa mvua hawahitaji zaidi ya wiki chache kumaliza rafu ya chini.